Tarteleti za Mama Kalaba

Edith hakuwa mtu mbaya. Hilo lisemwe mapema, kwa sababu mbele huko msomaji atatamani kumzaba kibao. Alikuwa na ugonjwa mmoja tu, ugonjwa wa macho ya watu. Akinunua pazia, aliwaza jirani atasemaje. Akialikwa harusini, alilala na mawazo ya viatu. Na mwaka huu, binti yake Syntiche alipochumbiwa na Guelor, ugonjwa ule ulimpanda kichwani kabisa.

Wazazi wa Guelor walikuwa watu wa heshima zao. Baba, mzee Clément, na mama, Marie-Thérèse, walikuwa Wakatoliki wenye asili ya kaskazini mwa Katanga, wajukuu wa watu walioletwa Lubumbashi na kazi ya reli. Waliishi mtaa wa Kampemba katika nyumba ya matofali ya zamani, yenye picha za maaskofu ukutani na vitambaa vya kufuma juu ya kila kiti. Siku ya kwanza Edith kufika pale, Marie-Thérèse alimuuliza kwa upole tu, kama mama anavyomuuliza mama mwenzake, ni nani aliyemlea. Edith akajibu kwamba mama yake alifariki yeye akiwa mdogo, na akalelewa na masista.

Mama yake alifariki kweli, kule Kasomeno. Masista nao walikuwepo: alisoma kwao, anafika asubuhi na kurudi nyumbani mchana. Lakini nyumbani kwenyewe kulikuwa Ruashi, mtaa wa pembezoni mwa mji, kwa dada mkubwa wa mama yake, Mama Kalaba, na huyo ndiye aliyemlea, akamvisha, akamchapa alipostahili na kumkumbatia hata asipostahili. Edith alimwita Mama, na hakuwahi kumwita jina jingine. Kwa nini basi hakumtaja? Kwa sababu Mama Kalaba alimlea kwa tarteleti.

Tarteleti ni vikeki vidogo vya mviringo, unga na siagi, na katikati jemu, na juu ya jemu vipande vyembamba vya unga vilivyopishana kama wavu. Mama Kalaba alifundishwa kuzipika enzi za ujana wake, kwenye kambi ya wafanyakazi wa mgodi, katika nyumba ile ambako wake za wafanyakazi walifunzwa kushona na kuoka. Mumewe alipofariki, alizifanya kazi. Alizioka juu ya mbabula, jiko la makaa, ndani ya sufuria kubwa yenye mchanga, kifuniko kikiwa kimebeba makaa ya moto. Jemu ilikuwa ya mapera. Na aliyezitembeza kwenye lango la mgodi, beseni kichwani, vumbi jekundu mpaka magotini, alikuwa Edith. Shuleni wenzake walimwita Konfitiri, jina la jemu lenyewe. Alipopata kazi ya ofisi na mume na nyumba mjini, aliapa kwamba jina hilo halitamfuata tena. Tarteleti hakuzigusa tangu siku alipoolewa.

Sasa ilifika Jumamosi ya kuonyesha moto. Kwa watu wa kina Edith, wa upande ule wa Kasomeno na mto Luapula, mkwe mwanamume hali hivihivi nyumbani kwa wazazi wa mke. Anakaa, anakunywa maji, lakini sahani haigusi, mpaka wanawake wa upande wa mke wampelekee kwake vyakula vyao vyote, kila aina, aone mke wake anatoka kwenye moto gani. Baada ya hapo yuko huru kula kwa mama mkwe mpaka ashibe. Mambo haya yana sheria zake. Kila chombo hufunuliwa na mkono uliokipika, naye mpishi huonja kwanza mbele ya wakwe. Na hakuna chombo kinachorudi kitupu. Bibi harusi mwenyewe haendi, anabaki nyumbani.

Tangu Ijumaa ua wa Edith ulijaa moshi na vicheko. Kulikuwa na bukari, yaani ugali, kulikuwa na sombe, majani ya muhogo yenye karanga, kuku wa kienyeji, uyoga, na samaki wakubwa waliotoka Kilwa ya ziwa Mweru. Mdogo wake Edith, Kiki, mwenye mdomo mwepesi na mkono mwepesi zaidi, ndiye aliyesimamia vyungu. Na sebuleni, kwenye meza yake peke yake, ilisimama keki ya ghorofa tatu kutoka duka la mjini, nyeupe pee, na maua ya sukari ambayo hakuna mtu ambaye angejua ayatafune au ayatupe. Edith alipita karibu nayo kila mara ili aione tena.

Jumamosi asubuhi Mama Kalaba akashuka kwenye pikipiki kutoka Ruashi, amevaa kitenge chake cha kanisani, beseni mapajani.

"Edi! Kuya unisaidie, beseni iko nzito!" Sauti yake ilifika mpaka kwa jirani wa tatu. "Nilipika ma-tarteleti. Ya konfitiri ya mapera. Mukwe akikula hii, hatasahabu."

Edith alifunua kitambaa. Vilikuwa vilevile. Vidogo, vya rangi ya udongo, pembeni vimeungua kidogo, wavu wa unga umekaa upandeupande. Aliviona, na akajiona mwenyewe na magoti mekundu, na uso ukamwaka moto.

"Mama, mais ulijichokesha bure," alisema. "Tuko na gâteau ya mu ville."

"Gâteau ni gâteau. Hii njo moto yetu."

"Ni bintu ya zamani, Mama. Bale ni bantu ya... Utaona. Tutaiweka pembeni kidogo."

Akaipeleka beseni nyuma ya mlango wa jikoni na kuifunika kwa gunia tupu la mchele. Mama Kalaba alikaa kwenye kiti kifupi akaanza kuchambua mboga iliyokwisha chambuliwa.

Lakini beseni haikuwa shida kubwa. Shida kubwa ilikuwa mdomo. Edith alimjua Mama Kalaba: akishaketi mbele ya Marie-Thérèse, kabla kuku hajafunuliwa atakuwa ameshasimulia mgodi, mbabula, lango, na mtoto Edith anayelia kwa sababu mlinzi amemlia tarteleti mbili bila kulipa. Atacheka mpaka apige mapaja. Na masista wataonekana walivyo, yaani hawakumlea mtu. Asubuhi nzima Edith alikuwa anazunguka, anapanga midomo yake kusema na kuifunga tena.

Alisema dakika ya mwisho, gari limeshapakiwa, wanawake wameshaanza vigelegele.

"Mama, motoka imejaa. Na Syntiche hawezi kubakia peke yake mu nyumba. Ungebakia naye, tafazali."

Mama Kalaba, mguu mmoja ukiwa tayari kwenye ngazi ya gari, alitazama ndani. Kulikuwa na kiti. Kilikuwa na mkoba wa Edith juu yake. Aliutazama mkoba, akamtazama Edith, akashusha mguu.

"Ni sawa, mutoto yangu," alisema. "Mie nitabakia. Na masufuria iko mingi ya kuosha."

Akaenda kuvua kitenge cha kanisani ili asikilowanishe. Edith alipanda, akauchukua mkoba, akaupakata mapajani, na kile kiti kikasafiri kitupu mpaka Kampemba. Hakuna mwanamke aliyekikalia. Edith alitazama dirishani njia nzima, na kila mtu alipoimba yeye aliitikia kwa nguvu kuliko wote.

Kufika kwa wakwe kulikwenda vizuri. Wanawake waliingia kwa magoti, vyombo vikapangwa juu ya mkeka, na mzee Clément, ambaye kwao mila hii haikuwepo, aliuliza maswali kama mwanafunzi na akaambiwa kila kitu. Guelor alikaa ameinamisha kichwa, jasho linamtoka kwa furaha. Kiki alifunua kuku wake, akaonja. Shangazi mmoja akafunua samaki. Edith akafunua sombe, na hiyo ilikuwa yake kweli.

Ndipo alipoona, mwisho wa mkeka, beseni yenye kitambaa anachokijua.

Alimgeukia Kiki. Kiki akamnong'oneza, akimwita Yaya, dada mkubwa, kama kawaida yake, meno nje, anajisifu: "Yaya, ulikuwa umeisahabu nyuma ya mulango. Mie njo niliiweka mu motoka."

Marie-Thérèse alikuwa ameshainama. Aliinua pembe ya kitambaa, kidogo tu, kwa adabu, kisha akasahau adabu na kukiondoa chote.

"Clément," alisema. "Clément, angalia."

Akapiga magoti hapohapo kwenye mkeka, mwanamke mzima na hereni za dhahabu, akazitazama zile tarteleti bila kuzigusa.

"Mama yangu alikuwa anatupikiaka hizi ku Noël," alisema. "Hizi hizi, na hii wavu ya juu. Tangu alikufa sijaona tena. Nilitafuta ku ma-boulangerie yote, bananiambia hawajui. Hata mie sikujifunza. Nilisema zilikufa naye." Machozi yalikuwa yanamtiririka waziwazi na hakuyafuta. "Nani alipika hizi?"

Kiki alimtazama dada yake. Wale shangazi walimtazama. Wote walijua, na wote walingoja, kwa sababu lilikuwa jambo rahisi kuliko yote ya siku ile: maneno mawili, mama yangu, na hata yule ambaye alikuwa hajatajwa angetajwa, na kiti kitupu kingesamehewa.

Hakuna aliyemsukuma Edith. Hakuna aliyemuuliza mara ya pili. Aliona tu yale machozi, aliona jinsi mama wa Guelor anavyomtazama, hakuwahi kutazamwa hivyo na mtu wa nyumba kama ile, na akataka macho hayo yawe yake.

"Ni mie," alisema. "Masista balinifundisha."

Kiki alishusha macho kwenye mkeka.

"Basi uonje," alisema mzee Clément kwa furaha, maana sasa alikuwa ameshaielewa sheria. "Mwenye alipika, yeye njo anaonja ya kwanza."

Edith akachukua moja. Akaiuma. Unga ulivunjika taratibu, siagi ikafuata, halafu mapera, makali kidogo, na mwishoni kabisa harufu ya moshi wa makaa. Alikuwa amesahau kwamba zilikuwa tamu. Kwa miaka yote aliyozichukia, alichukia beseni, vumbi na lile jina, hata akasadiki kwamba na utamu wenyewe ulikuwa mbaya. Sasa ulimi ulimkumbusha yote kwa mara moja: jioni Ruashi, yeye ameketi karibu na mbabula, na Mama Kalaba anatoa tarteleti moto moja baada ya nyingine. Kila siku, tarteleti moja ilivunjika. "Hii haiwezi kuuzishwa," Mama Kalaba alisema, akampa. Mtoto Edith alidhani mama yake hana mkono mzuri. Mpaka siku moja alipomwona akiibana makusudi kwa dole gumba, ikapasuka, ndipo akajua. Akala.

Aliona aibu mpaka kwenye vidole vya miguu. Ilimbidi akimeze kile kipande mbele ya watu wote, anatabasamu.

Baada ya hapo hakuna aliyeitazama ile keki ya ghorofa tatu. Mzee Clément alikula tarteleti nne, makombo yakamjaa kwenye tai. Guelor alipewa ruhusa na akazila kwa mikono miwili. Marie-Thérèse alikula moja, polepole, macho yamefumbwa, halafu akafunga nyingine kwenye kitambaa aipeleke Jumatatu kwenye kaburi la mama yake. Kila mara alimshika Edith mkono. Kila mara Edith alisema si kitu, si kitu, na kwa mara ya kwanza siku ile alikuwa anasema kweli bila kujua, maana hakuwa amefanya kitu.

Wakati wa kuaga, vyombo vilirudishwa na zawadi ndani, sabuni, mchele, sukari. Ndani ya beseni Marie-Thérèse aliweka kitenge kipya cha wax, cha bluu na dhahabu, kizuri kuliko vyote alivyokuwa navyo kabatini.

"Hii ni ya mikono yenye ilipika," alisema. "Usimupe mutu mwingine, Mama Syntiche. Uvae weye."

Ndani ya gari Kiki alikaa kwenye kile kiti, mbali na dada yake. Njia nzima alikuwa kimya, na Kiki akinyamaza mtu ajue kuna msiba. Karibu na nyumbani alisema, bila kugeuka, "Yaya, kesho utajiangalia namna gani mu kioo?" Edith alikuwa anapanga. Kitenge atampa Mama, atasema wakwe wametuma. Haitakuwa uongo kamili. Na siku moja, taratibu, baada ya harusi, ataeleza. Alijipaka mafuta kwa mgongo wa chupa hivyo mpaka gari likasimama.

Syntiche alikuwa chumbani anasukwa nywele na rafiki zake, vicheko vinasikika hadi nje. Mama Kalaba alikuwa uani peke yake, kitenge kikuukuu kiunoni, mikono ndani ya maji ya jivu. Masufuria yaliyosafishwa yalipangwa mstari kwenye ukuta, yanang'aa. Aliposikia hatua hakugeuka haraka.

"Balikula?" aliuliza.

"Balikula yote, Mama. Hakuna yenye ilibakia." Edith aliweka beseni chini na kutoa kitenge. "Na balikutumia hii."

Mama Kalaba alifuta mikono, akagusa kitambaa kwa kidole kimoja, akakiacha pale mapajani mwa Edith.

"Ni ya muzuri," alisema. "Lakini weye njo utaivaa. Ule mama atakuangalia kama unaivaa." Kisha akashusha sauti, na huyo ni mtu ambaye hakujua kushusha sauti. "Kaa kidogo. Niko na neno, ili tusigongane."

Edith akakaa kwenye ukingo wa ndoo iliyopinduliwa.

"Alipiga telefone," Mama Kalaba alisema. "Mama ya Guelor. Telefone ya Syntiche ilikuwa hapa inje, mutoto alikuwa na mikono ya mafuta, akasema, Nkambo, bibi yangu, pokea. Nikapokea. Ule mama alikuwa analia. Akasema, umuambie Mama Syntiche, tarteleti zake zilinirudishia mama yangu. Akasema, kumbe masista balimufundisha muzuri vile." Aliokota jani lililoangukia maji. "Pale njo nilijua ulisema nini kule. Nikamuambia, ndiyo, yeye anajuaka kupika tangu mutoto."

"Mama..."

"Ngoja nimalize. Akaniuliza, na weye uko nani? Nikafikiri mbio-mbio. Nikisema niko mama yako, atauliza juu ya nini sikuya. Nikisema niko wa familia, ni vile vile. Basi nikasema, mie niko mama wa kusaidia kazi mu nyumba." Alisema kama mtu anayeeleza mahali alipoweka funguo. "Akaniambia, asanti mama, courage na kazi. Ni mutu wa muzuri. Kwa hiyo siku ya ndoa, nitapita ku mulango wa nyuma, nitasaidia ku jikoni, na hakuna mwenye atauliza. Umuambie na Kiki, asikosee."

Edith aliyatazama masufuria yaliyopangwa ukutani. Angetukanwa angeweza kujibu. Angelaaniwa, angelia na mambo yangeisha. Lakini Mama Kalaba alikuwa ameuchukua uongo wake, akaukunja vizuri, akaongeza na kipande chake mwenyewe ili usipasuke, kama mtu anayemshonea mwanawe nguo. Alikuwa amejifanya mtumishi katika nyumba ya mtoto aliyemlea, na sasa alikuwa anaeleza atapitia mlango gani.

"Juu ya nini ulifanya hivi?" Edith aliuliza, na sauti ikamvunjika.

"Juu ya nini?" Mama Kalaba alishangaa kweli. "Ungetaka bakuone muongo?"

Edith alitoa simu kwenye mkoba. Akakosea namba mara mbili. Mama Kalaba aliona jina kwenye kioo, akanyoosha mkono wenye povu. "Edi, acha. Wacha, mutoto yangu, ilishaisha." Lakini Marie-Thérèse alikuwa ameshapokea, na sauti yake ya furaha ilijaa uani.

"Mama Syntiche! Clément iko natafuta kama kulibakia hata moja!"

"Mama Guelor," Edith alisema. Alisimama kwa sababu alishindwa kusema akiwa amekaa. "Tarteleti sikupika mie. Nilidanganya. Mwenye alipika ni mama yangu, ule mwenye alinilea. Masista hawakunilea. Ule mama mwenye uliongea naye mu telefone, mwenye alisema ni wa kazi... njo yeye."

Vicheko vya wasichana chumbani vilisikika, kisha vikazimika, mtu mmoja akasema shh. Edith alikuwa anangoja matusi, na aliyataka.

"Na leo," Marie-Thérèse alisema mwishowe, polepole, "leo alikuwa wapi?"

"Hapa," Edith alisema. "Nilimunyima nafasi mu motoka. Nilimuachia masufuria."

Kisha sauti ya Marie-Thérèse, imebadilika, haina tena ule utamu wa mchana: "Umupe telefone, tafazali. Niongee na mama."

Edith alimnyooshea simu. Mama Kalaba hakuipokea. Aliitazama, akamtazama Edith, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi macho yake yalijaa machozi, na uso wake ukawa wa mtu aliyechoka sana. Alirudisha mikono ndani ya maji.

"Umuambie niko na kazi," alisema, na akachukua sufuria nyingine.